Kuimba Kantri Albert Park

Nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniajiri. Niliamka tu asubuhi moja nikajiaga mwenyewe kwa heshima zote, nikajishukuru kwa utumishi wangu, nikaweka chai jikoni.

Ninyi wadogo zangu mnaoimba kwa Kiswahili hapa Durban, kila tukikutana mnaniuliza kazi hii nimeiendeshaje miaka yote bila meneja, bila kampuni, bila hata mume wa kunibebea spika. Huwa nawajibu kwa mkato kwa sababu mnaniuliza nikiwa nimesimama. Sasa nimekaa, kwa hiyo nitawaeleza. Nilichopata kwa kuimba sitakizungumzia. Aliyetaka kupata angeuza simu.

Jina langu ni Sifa, jina la kawaida kwetu Kivu, mashariki ya Congo, ingawa kwa mwanamuziki lina kejeli yake. Watu walikuwa wakisoma kwenye tangazo kwamba Jumapili kuna Sifa, wanakuja wakidhani ni kwaya. Baadhi walikaa hata hivyo.

Nilizaliwa Uvira. Baba alikuwa dereva wa lori, na ndani ya lori lake kulikuwa na kaseti za Wamarekani walioimba kwa gitaa na kwa pua. Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alinitafsiria kila wimbo bila kusita. "Huyu mke wake ameondoka. Huyu naye gari limemharibikia mvuani, na nyumbani kuna mgonjwa." Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujifunza Kiingereza, nilizitafuta nyimbo zile nikazisikiliza tena. Karibu zote alikuwa amepatia.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Rumba naipenda, nani kwetu haipendi? Lakini rumba inakuita usimame ucheze. Kantri, muziki ule wa kaseti za baba, inakuambia ukae kitako ueleze kilichompata mtu. Ina mwanzo, ina katikati, ina mtu anayefanya jambo halafu jambo linamrudia. Nilipojifunza gitaa kwa mjomba wangu wa kanisani, yeye alikuwa akinifundisha tenzi za Jumapili, mimi moyoni nilikuwa nikitafuta njia ya kumweka dereva wa lori ndani yake.

Vita vilinitoa Uvira nikiwa msichana. Njia niliyopita sitaieleza, wengi wenu mmeipita wenyewe. Nilifika Durban, nikapokewa na dada mmoja wa kwetu katika fleti ya Albert Park, ghorofa ya juu ambako lifti ilikuwa pambo, na wiki hiyohiyo nikaanza kusuka nywele katika saluni iliyo karibu na robot, taa za barabarani, ya kona. Saluni ndiyo iliyokuwa shule yangu ya kwanza ya jukwaa. Mteja anayesukwa rasta hana pa kwenda, umemshika kichwa. Nilikuwa nikisuka na kuimba, nikiangalia macho yake kwenye kioo. Macho yakihamia kwenye simu, najua ubeti ni mrefu. Mkono ukisahau kupeleka chipsi mdomoni, najua nimepata. Mpaka leo nawashauri, kabla hamjaupeleka wimbo mpya ukumbini, mwimbieni mtu mmoja asiyeweza kuondoka.

Gitaa langu la kwanza nililinunua Greyville, katika duka la vitu vilivyokwisha tumika. Shingo yake ilikuwa imevunjika ikaunganishwa na gundi ya mbao, na nyuzi zilikaa juu kiasi kwamba kila jioni vidole vilikuwa kama nimevipitisha kwenye kikwaruzo cha karoti. Msiwalaumu wauzaji wa magitaa mabovu. Gitaa bovu hukufundisha kuchagua koda chache, noti zipigwazo pamoja, na kuziheshimu.

Kazi yangu ya kwanza ya jukwaani ilikuwa harusi ya watu wa kwetu, katika ukumbi ulio chini ya jengo moja palepale Albert Park. Waliniita kwa sababu mpiga kinanda alikuwa amekwama Johannesburg. Niliimba wimbo nilioutunga mwenyewe, wa mwanamke aliyeuza cherehani yake ili amfuate mumewe nchi ya mbali, akafika akaambiwa mume naye amekwisha kurudi nyumbani kumfuata yeye, kwa njia nyingine. Watu walikuwa wameshasimama tayari kucheza. Wakabaki katikati ya ukumbi hawajui miguu yao waifanyie nini.

Mshereheshaji akanisogelea akitabasamu kwa meno tu. "Mama, iko muzuri, iko muzuri sana. Lakini hauna ingine ya kuchangamusha watu?"

Nikamwambia sina. Ilikuwa kweli.

Wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi, baba mnene mwenye aproni, mwiko mkononi, na nyuma yake harufu ambayo ukumbi mzima uliitambua. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango akisikiliza, na jiko limewaka.

"Weye ndiye umeunguza muchele yangu," akaniambia mbele ya maharusi. "Bon, sawa. Maliza sasa, tujue imeungua juu ya nini."

Nikamaliza. Watu walicheka, halafu hawakucheka, halafu bibi harusi akafuta macho. Walikula wali wenye ukoko mweusi na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mshereheshaji. Tangu siku hiyo nilijua nataka nini katika kazi hii. Makofi ni mazuri, lakini mtu anaweza kupiga makofi huku anawaza basi lake. Wali hauungui kwa adabu.

Aliyenifundisha ufundi wenyewe nilimpata kupitia saluni. Mteja wetu mmoja, Charmaine, mwanamke wa mtaa wa Sydenham, wa ile jamii ya damu mchanganyiko ambayo huku huitwa Coloured, alinisikia nikiimba juu ya kichwa chake akageuka nusura avunje kitana. "Hii ni kantri!" akasema. "Baba mkwe wangu hupiga hii kila Jumapili uani. Jirani zetu wote hupiga. Wewe umeitoa wapi?" Mimi nilikuwa nikidhani kantri iko Amerika na ndani ya lori la baba peke yake. Kumbe ilikuwa ng'ambo ya mtaa wa Overport tu, wazee wamevaa kofia, nyama iko motoni.

Baba mkwe huyo tulimwita Uncle Neville. Kazi yake ilikuwa kushona na kujaza sofa, na alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Alipiga gitaa lile la kulaza mapajani, ambalo hubonyezi nyuzi bali unateleza kipande cha chuma juu yake, sauti inatoka kama mtu anayetaka kulia lakini ana wageni. Siku ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, Kiswahili chote bila kuelewa neno, halafu akasema kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mimi wa wakati ule nilikielewa: "Binti, unaimba kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Pumua. Hii ni nyumba yangu, hakuna anayekufukuza."

Alikuwa mkali. Nikiimba neno la huzuni kwa sauti ya huzuni, alikuwa akigonga meza kwa mkasi. Alitaka jambo la huzuni niliseme wazi, kama mtu anayesema bei ya nyanya, huzuni ijitafutie njia yenyewe. Alinifundisha kupangusa nyuzi kila ninapomaliza, maana unyevu wa Durban hula nyuzi kuliko mchwa. Alinifundisha kutotegemea umeme kabisa. Wakati wa mgao wa umeme, wenzangu walikuwa wakikaa gizani wakisema eish na kusubiri, mimi nilikuwa nikisogeza kiti karibu na watu na kuendelea. Vitu vyangu vya kazi vilienea begani: gitaa, spika ndogo ya betri, kibano cha kupandishia sauti kwenye shingo ya gitaa, kitambaa, tangawizi. Mwanamuziki mwenye mizigo mingi anaanza kutafuta mume kwa sababu zisizo sahihi.

Siku moja alinijia mtu mwenye studio, mwenye viatu safi sana. Alikuwa amenisikia nikiimba sokoni, na alizungumza nami vizuri, siwezi kumsingizia ubaya. Alitaka kunirekodi. Nivae kofia na buti, niimbe kwa Kiingereza, na wimbo wa cherehani tuukate, kwa sababu ulikuwa mrefu mno kwa redio. Alipendekeza tuondoe ubeti wa mwisho. Nilitaka. Acheni niwaambie wazi, nilitaka mpaka usingizi ukanikimbia. Buti nilikwenda kuzijaribu dukani, na zilinipendeza.

Jumapili nikauimba uani kwa Uncle Neville, uliokatwa, kwa Kiingereza. Charmaine, ambaye kwa mara ya kwanza aliyaelewa maneno, alikuwa akigeuza nyama. Nilipomaliza akaacha koleo hewani.

"Kwa hiyo amefika, basi?" akauliza. "Akaonana na mumewe?"

"Hapana. Mume alikuwa amekwisha kuondoka."

"Hukuimba hivyo."

"Ubeti huo umekatwa."

"Sasa cherehani ameiuzia nini?"

Uncle Neville aliinamia gitaa lake. Alikuwa akikaza nyuzi zake kwa umakini usiohitajika. Jumatatu nikamwambia yule bwana ahsante, hapana. Aliniambia nitajuta, na kwa kweli nilijuta kama siku tatu hivi, hasa kwa ajili ya zile buti.

Tukarekodi wenyewe, katika karakana ya sofa. Msiicheke. Mahali palipojaa sponji na vitambaa mpaka darini hapana mwangwi hata kidogo, sauti inatulia kama paka. Adui yetu alikuwa hadida, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayepita juu ya mapaa akipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Tulirudia wimbo mmoja asubuhi nzima kwa sababu yake. Mwishoni Uncle Neville akasema mwacheni, naye ni mkazi wa Sydenham. Mpaka leo yumo, baada ya ubeti wa pili. Kijana mmoja wa redio ya mtaa aliucheza, akaniita kwa mahojiano, akanieleza kwamba muziki wangu unaitwa Americana. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi ni wa Uvira. Amerika sijafika hata uwanja wa ndege." Akasema ni jina tu. Nikasema basi sharp, sawa, mradi usinikatie beti.

Sasa niwaeleze kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Kulikuwa na kaka wa kwetu, Byamungu, mlinzi wa magari kwenye maegesho ya karibu na bahari. Alifariki kwa ugonjwa wa ghafla. Mwili kuurudisha Congo haikuwezekana, kwa hiyo angezikwa hapa, na mama yake, aliyekuwa katika mji wa Baraka, upande wa Fizi, asingeliona kaburi. Mjane wake, Faida, alinijia saluni. Hakukaa.

"Mama Sifa, nataka umutungie wimbo. Mama yake atasikiliza kwa simu. Wahubiri watasema yeye alikuwa shujaa. Weye usiseme hivyo. Hakukuwa shujaa. Alikuwa bwana yangu."

Nilimuuliza mambo madogo tu. Alikula vipi? Amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayeitwa. Aliwaelekezaje madereva? Kwa mluzi, si kwa mikono kama wenzake. Magari ya wateja wake yalijua mluzi wake. Nikafanya kazi siku zilizobaki kabla ya mazishi, nikisuka watu vibaya. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Harusi ukikosea, watu watakula. Hapa kulikuwa na mama aliyekuwa anakwenda kumzika mwanawe kwa masikio peke yake.

Uncle Neville alikubali kuja. Ibada ilikuwa mchana, katika ukumbi wa kanisa Albert Park, na Faida akaweka simu mezani karibu na picha, spika imefunguliwa. Nilikuwa nimejifunza kwamba simu humeza sauti za chini, kwa hiyo nilipandisha kibano kwenye shingo ya gitaa, nikaimba juu na polepole. Nikaanza na kula amesimama.

Mstari ulipokwisha, nikaendelea na wa pili, na katikati yake sauti ya mama mzee ikatoka kwenye simu: "Eee, ni yeye." Alikuwa ananijibu. Jibu lake lilikuwa limesafiri likachelewa, likaugonga mstari wangu. Nikaimba wa tatu, likagonga tena. Alikuwa akimwitikia mwanawe na mimi nilikuwa namkata kauli.

Nikaacha kuimba mwisho wa kila mstari, nikasubiri. Ukiwa mbele ya watu, kusubiri namna ile ni kurefu mno. Uncle Neville, ambaye hakuelewa neno moja, alielewa kwamba tunasubiri. Akashika noti moja kwa chuma chake, akaivuta taratibu mpaka jibu lifike. "Eee, ni yeye." Kisha mstari. Kisha noti ile. "Eee, ni yeye."

Nilipofika kwenye mluzi, jibu halikuja. Tukasubiri zaidi. Nikadhani mtandao umekatika, nikamwona Faida akiinuka kuishika simu. Ndipo yule mama akasema:

"Hapana, mutoto yangu. Muluzi hakuanzia kule. Ni mimi nilimufundisha, akiwa mudogo, akichunga mbuzi. Ilikuwa hivi."

Akapiga mluzi. Mnajua kwetu mwanamke kupiga mluzi ni mwiko, na huyu alikuwa bibi kizee, mbele ya wakwe na wachungaji. Ulikuwa mluzi wa sauti mbili, wa chini halafu wa juu, kama unaouliza swali. Kwenye viti vya nyuma, walinzi wenzake wa maegesho wakainuka wote kwa pamoja, kabla hata hawajafikiri, kwa sababu walikuwa wameusikia kila siku ya kazi. Mmoja wao akaujibu. Faida akaketi chini palepale sakafuni akalia, kwa mara ya kwanza, waliniambia, tangu siku ya msiba.

Sikumaliza wimbo. Ulikuwa umekwisha mikononi mwa wenyewe.

Wiki kadhaa baadaye Faida alikuja saluni, safari hii akakaa. Aliniambia mama mkwe wake anasema amezika. Neno lilelile, amezika. Nikamsuka bila kuimba. Tangu hapo nilianza kutunga nyimbo zenye nafasi ndani yake, na wachambuzi wawili watatu waliosema natumia ukimya kwa ustadi walikuwa wanausifu mtandao wa simu wa Fizi.

Miaka ikapita vizuri. Niliimba Sydenham, Albert Park, masokoni, kwenye kumbi za makanisa ambayo hayasalimiani. Halafu noti zangu za juu zikaanza kukwaruza. Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akanionyesha vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, vidogo kama punje za mtama. Akaniamuru ninyamaze kwa wiki nyingi. Nilinyamaza. Wateja wa saluni waliponiona sisemi wakanieleza mambo ambayo hawakuwahi kunieleza, na nikatoka na nyimbo nyingi kuliko nilizowahi kutunga nikiwa na sauti. Iliporudi, sauti ilikuwa imeshuka. Nikashusha nyimbo zote, nikaimba hivyo miaka mingine. Uncle Neville akasema sasa angalau nasikika kama mtu aliyelipa kodi ya nyumba.

Yeye ndiye aliyeacha kwanza, vidole vilipokakamaa. Hakufanya sherehe. Alinipigia simu akasema amepiga vya kutosha, na kama nataka viazi vya kuchoma nije. Nilipoona mtu anaweza kuacha hivyo na bado akacheka, nikaanza kufikiria yangu. Nilitaka kuacha wakati bado naweza kuufikisha wimbo mwisho kwa miguu yangu.

Basi Jumapili moja mchana nikaimba mara ya mwisho, katika ukumbi wa parokia Sydenham. Watu wa Albert Park walikuja, watu wa mtaa walikuja, Uncle Neville aliketi mbele na sikio lake zima limeelekezwa kwangu. Wimbo wa kufunga ulikuwa "Barabara ya Uvira", ule ambao sikuwahi kuueleza kwa Kiingereza kwa sababu niliona unajieleza. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Nikafungua kinywa kuanza wa tatu, na hapakuwa na kitu. Wimbo wangu mwenyewe. Nikarudia koda, nikazunguka, nikarudia tena.

"Mvua!" akaniambia dada mmoja wa kwetu kutoka katikati. "Mvua ikafuta nyayo."

"Hapana, ni vumbi," akasema mwingine. "Vumbi likafuta."

Wakaanza kubishana. Nusu ya ukumbi mvua, nusu vumbi, na mimi niliyeutunga sikujua nimwunge mkono nani. Ndipo Charmaine akasimama, nywele zake zimekuwa nyeupe siku hizi, akauimba ubeti wa tatu wote kwa sauti yake ya nyama na moshi. Kiswahili hakijui. Alikuwa ameushika kutoka kwenye rekodi, sauti kwa sauti, miaka yote ile, na maneno mengi yalikuwa yamegeuka kuwa vitu visivyo na jina. Lakini muziki ulikuwa kamili. Majirani zake wakaingia naye. Watu wetu wakaacha ugomvi wakaingia nao, hawa na mvua, hawa na vumbi. Nikaweka mkono juu ya nyuzi, nikakaa kwenye kiti changu, nikasikiliza. Nilikuwa sijawahi kuusikia nikiwa nimekaa upande ule. Ni wimbo mzuri.

Baadaye, watu walipokuwa wakinywa chai, Charmaine akanivuta pembeni, karibu na meza ya vikombe. Alikuwa na uso wa mtu mwenye jambo la siku nyingi.

"Sifa, sijawahi kukuuliza. Niliona labda linauma."

"Uliza tu, dada."

"Huyu Barbara," akasema kwa upole. "Barbara wa Uvira. Tumemwimba miaka yote nyumbani kwetu, hata wajukuu wanamjua. Alirudi?"

Nilimtazama. Nilifikiria kumweleza kwamba barabara ni barabara tu, ya lami, yenye mashimo. Nilifikiria wajukuu.

"Alirudi," nikamwambia. "Yuko Uvira, mzima kabisa. Ameolewa."

Charmaine akashusha pumzi, akanishika mkono kwa nguvu, halafu akaenda kumwambia Uncle Neville.